Poso sita na makaratasi ya zamani



Tangu tulirudi ku masomo wengi wananiuliza: "Kapita, ni kweli walikulipa feza juu ya kupiga foto makaratasi ya zamani?" Ni kweli. Na kwa kuwa jibu la mu njia halitoshi, nimeomba nafasi ku ukurasa huu nielezee vizuri, zaidi kwa wale wa kalasi ya ine na ya tano ambao watatafuta kazi mu konje inayokuja.

Masomo yalipoisha, hapa Luano kila kijana alikuwa na hesabu yake. Wengine walikwenda kuchimba, wengine kupakia magari, wengine kuuza makala ku barabara ya uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa natafuta feza ya egzame ya Serikali. Pahali pamoja mu mji wanapolinda arshive walitaka wanafunzi wawili wenye mwandiko mzuri, wanaojua Kifaransa na Kiswahili, kwa staje ya poso sita, na malipo kila poso. Baba mukubwa aliposikia kiasi cha malipo alicheka: "Mutoto, bakwenu banapata ile mu siku tatu ku karyere. Makaratasi itakupa nini?"

Neno lake halikuwa la bure. Kuchimba kunalipa kuliko arshive, na anayekana anadanganya. Lakini shimo linaweza kubomoka juu ya mtu, na wale watatu wa kalasi yetu waliokwenda huko tangu mwaka wa ine hawajarudia ku masomo. Mama aliwaza usiku, asubui akasema: "Enda ku makaratasi. Yenye itapunguka, miye nitauza makala." Njo hivi nilienda.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza unanawa mikono na kuikausha sana, maana jasho linaharibu karatasi. Unafungua kartoni, unapangusa vumbi na burashi laini, unatoa pingli zenye kutu moja moja bila kupasua. Kiisha unaandika namba ya kila karatasi na kalamu ya risasi, hapana biki, juu biki haifutike. Nyuma yake unaweka karatasi ku skanere. Faili kubwa aina ya TIFF inalindwa bila kuguswa. Ile ndogo ya JPEG njo watu wanasoma. Jina la faili linasema kartoni gani, dosye gani, karatasi ya ngapi. Mukikosea jina, ile karatasi imepotea ndani ya ordinatere kama sindano mu majani. Mwisho munafanya kopi tatu, na moja inalala mu nyumba ingine, juu ya moto na mvua. Siku nzuri tulimaliza makaratasi 200. Siku umeme ulikatika, tulibakia na pingli na vumbi tu.

Wengine wanasema: mambo ya zamani yamekwisha, tuangalie mbele. Nawajibu kwa mifano mitatu.

Wa kwanza. Mwaka 1965, André Yav, mtu wa mji huu, aliandika mu Kiswahili chetu historia ya Elisabethville kwa watu waliotumika kama maboyi mu nyumba za wazungu. Haikuwa buku la duka, ilikuwa makaratasi yaliyopigwa ku mashini, kama haya munayoshika. Ingeliwa na mchwa kama zingine. Lakini Johannes Fabian, aliyefundisha pa universite ya hapa mu miaka ya 1970, aliitoa mu buku mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango. Leo unaweza kuisoma ku intaneti, Kiswahili na tafsiri yake. Boyi mmoja aliandika, na dunia inasoma.

Wa pili. Tshibumba Kanda Matulu alichora hapa Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, historia ya inchi yetu tangu zamani mu mapicha karibu 100. Mapicha yale iko Amsterdam. Yalilindwa vizuri, ndiyo. Lakini mtoto wa Kenya ao wa Katuba anayetaka kuyaona anahitaji viza, ao picha ku telefone.

Wa tatu ni wa juzi. Mu mwezi wa saba 2025, Serikali yetu ilipatana na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini. Kati ya mambo ya mapatano kulikuwa kugeuza arshive za geolojia za inchi yetu, zinazolindwa Tervuren mu Ubelgiji, ziingie mu ordinatere. Karta na kaye za wazungu waliozunguka mu pori yetu wakati wa koloni! Mize ya kule haikutaka kufungulia kampuni moja mlango. Basi nilimwambia baba mukubwa: mukubwa, watu wanashindania makaratasi sababu makaratasi yanaonyesha pahali pa kuchimba. Siku ile hakucheka, lakini hajasema kama nina haki.

Sisemi karatasi inasema yote. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, watumishi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi ku uwanja wa mpira wa mji huu, na Léonard Mpoyi, mukubwa wao, akauawa. Hesabu ya wafu ambayo wakubwa waliandika na ile wazee walihadisia watoto wao hazipatane. Ukisoma paka karatasi, utajua upande mmoja. Njo maana Profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake wa universite waliendesha kazi inayoitwa "Mémoires de Lubumbashi" tangu mwaka 2000: kukusanya masimulizi na vyombo vya watu wa kawaida, siyo tu maandiko ya mabiro.

Hilo nililiona pa nyumba. Nkambo alitumika miaka mingi mu madini, na karta yake ya kazi iliharibika na mvua. Kila mangaribi aliniuliza: "Umenipata mule?" Nilitafuta jina lake mu kila liste iliyopita mu mikono yangu, mpaka kartoni ya mwisho. Halikuwako. Poso ya sita nilimwambia wazi. Alinyamaza, kiisha akasema: "Basi andika weye." Nikatia telefone katikati yetu, akaanza na siku alishuka ku treni mara ya kwanza. Tumefika ku ndoa yake, bado tunaendelea.

Feza ya staje ililipa sehemu kubwa ya egzame. Mama aliongeza, kama alivyosema. Kwa wale watakaoitwa ku kazi ya namna hii: muulize malipo mbele ya kuanza, na muombe iandikwe. Kazi ya kuinama mchana kutwa siyo mchezo, hata kama jina lake ni staje.

Sasa ombi langu. Gazeti letu hili, ni nani ana namba za miaka mitano iliyopita? Nimetafuta, nikapata mbili. Kila mwanafunzi aangalie mu malle ya wazazi: namba za zamani, foto za masomo, karta za kazi, barua. Mulete Siku ya Tatu nyuma ya masomo, mu kalasi ya sita. Tutapiga foto mbele yenu na kuwarudishia saa ile ile. Hatutabakia na karatasi ya mtu. Andikeni ku kipande kingine majina ya watu walio ku foto, wakati wazee wangali wanawajua. Na wasiokuwa na karatasi waje na nkambo.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita