Mwenye Kelele Naye Ana Neno

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili walianza kusaidiana kuacha pombe kwa kusemezana. Desturi hiyo imeenea duniani, nasi tulialikwa kuketi katika baraza ya namna hiyo huku Bunda, iliyoongozwa na mwuguzi.

Mvuvi mmoja wa Musoma alikatiza maneno ya kila mtu. Mama wa Butiama alipolia akieleza jinsi gongo ilivyomvunjia nyumba, yeye alicheka. Sisi tulitaka atolewe. Mwuguzi hakumkemea, ila alitukumbusha sote amri ya baraza: kila mtu kwa zamu yake. Kisha akamwambia kwa upole, "Baba, zamu yako itafika, sasa tumsikilize mama." Baadaye akamwita kando, akamwuliza kilio kile kilimgusa wapi. Juma la pili mvuvi akaomba zamu, akatueleza (na kwa idhini yake twaandika) habari za mwanawe aliyezama ziwani, siku ambayo baba alikuwa amelewa. Hakuna aliyemkatiza.

Mwuguzi alitufundisha pia kwamba ajaye amelewa, au atishaye wenziwe, huondoka siku hiyo, ili wanyonge wasalimike. Lakini huambiwa siku ya kurudi.

Neno hili lilituchoma. Zamani tulimfukuza darasani kijana aliyecheka wakati wa sala, wala hatukumwambia arudi lini. Hakurudi. Enyi wazazi na walimu, kabla ya kumtoa mwenye kelele, mwulizeni. Nasi tumeazimu kwenda nyumbani kwake Jumamosi.