Msimu wa Bei Nafuu

Babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi huko Lamu, hakuwa akisafiri mwezi wa Juni wala wa Julai. Pepo za kusi zilipokaza, chombo chake kilivutwa pwani, kikatiwa kalafati na kupakwa sifa, na yeye mwenyewe akashinda barazani akishona tanga na kusimulia habari za Mogadishu na Mukalla. Sikumbuki kumsikia hata mara moja akiuliza iwapo nauli hushuka katika miezi hiyo. Kwake, swali hilo lisingekuwa na maana yoyote. Bahari ilikuwa na wakati wake wa kupitika na wakati wake wa kuachwa.

Nimeanza na mzee huyu, mpenzi msomaji, kwa sababu nilimkumbuka mno katika wiki ya mwisho ya Oktoba 2025, nilipokuwa nimesimama kwenye sitaha ya meli ya watalii katika Bahari ya Karibi, msimu wa vimbunga ukiwa haujaisha.

Shangazi yangu ni muuguzi katika jiji la Atlanta, Marekani, na ameishi huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huo alitimiza miaka sitini. Alitaka kuiadhimisha siku hiyo baharini, kwa kuwa, kama alivyosema, tangu aondoke Lamu hakuwa amelala tena juu ya maji. Mimi nami nilikuwa nikisubiri wasimamizi wangu wanirejeshee rasimu ya tasnifu, subira ambayo wanafunzi wenzangu wa uzamili wanaijua vyema. Shangazi akanilipia kila kitu.

"Mbona Oktoba, Shangazi?" nilimuuliza kwa simu.

"Mwanangu, Oktoba ni karibu nusu ya bei ya Disemba. Wataka nini tena?"

Sikutaka kitu tena. Nilikuja kusoma baadaye kwamba msimu wa vimbunga katika Atlantiki huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na kwamba kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto la kama nyuzi 26 au zaidi, na aghalabu mbegu yake huwa ni mawimbi ya pepo yanayotoka Afrika Magharibi na kuvuka bahari kuelekea machweo. Huhitaji pia mzunguko wa dunia ili kipate kujisokota, na kwa hiyo ni nadra kizaliwe karibu sana na Ikweta. Hii ndiyo sababu watu wa Lamu, walio kwenye nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, wameijua dhoruba lakini kimbunga hasa hawakukijua. Unguja haikuwa na bahati hiyo mwaka wa 1872, tufani ilipozamisha merikebu za Sultani na kung'oa mikarafuu. Hata neno wanalolitumia Waingereza kwa janga hili lilitoka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao Wahispania waliwakuta huko. Sisi tuliipokea tufani kutoka Kiarabu. Kila lugha imeliazima jina la upepo kwa aliyetangulia kupigwa nao.

Tulipanda meli Miami, Jumamosi tarehe 25 Oktoba. Hata kabla hatujaonyeshwa vyumba vyetu, nahodha alitangaza kwa kipaza sauti kwamba hatungetia nanga Jamaica wala Visiwa vya Cayman. Kimbunga kilichopewa jina la Melissa kilikuwa kusini mwa Jamaica. Badala yake tungekwenda magharibi, hadi Meksiko na Belize. Mkataba wa safari, ambao hakuna abiria aliyeusoma, uliipa meli ruhusa ya kubadili bandari wakati wowote bila ya kudaiwa fidia.

Nakiri kwamba nilihuzunika, tena huzuni ya kitoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya Jamaica. Nilikuwa nimesoma habari za Louise Bennett, mshairi aliyeandika kwa lugha ya watu wa kawaida wa kisiwa hicho wakati ambapo wasomi wengi waliidharau, na nilitamani kuisikia lugha hiyo ikisemwa sokoni na wenyewe.

Kumbe ilikuwa mezani petu. Mhudumu aliyetuhudumia kila jioni alikuwa Mjamaika wa makamo, mtu mpole, aliyezaliwa Black River katika parokia ya Saint Elizabeth, kusini-magharibi mwa kisiwa. Kwa abiria alisema Kiingereza kilichopigwa pasi. Kwa mwenzake wa meza ya pili, wakipishana na sinia mikononi, alisema ile lugha niliyokuwa nikiifuata. Shangazi alimwuliza habari za nyumbani. Akasema mama yake yuko huko peke yake, ana miaka themanini na moja, na amekataa kuhama.

Jambo ambalo sikulielewa hadi aliponieleza yeye ni mwendo wa kimbunga kile. Meli yetu ilikwenda kama kilomita arobaini kwa saa. Melissa ilikuwa ikijikokota, nyakati nyingine polepole kama mtu anayekwenda sokoni kwa miguu, ikinywa joto la bahari na kunenepa. Sisi tungeweza kuikimbia mara kumi. "Kisiwa hakina injini," alisema, akaondoa sahani.

Jumapili usiku, abiria mmoja wa meza ya jirani alileta karatasi. Ilikuwa barua ya kudai fidia ya Jamaica tuliyonyimwa, na watu walikuwa wakitia sahihi. Hoja zake zilikuwa nzuri na Kiingereza chake kilikuwa safi. Shangazi aliitazama, akairudisha kwangu bila ya kusema neno. Mimi nilipapasa mifuko nikitafuta kalamu, nikaikosa. Mhudumu wetu, ambaye kazi yake ni kuona mgeni anahitaji nini kabla hajaomba, alichomoa yake mfukoni akanipa. Nikatia sahihi. Nikamrudishia kalamu, nikamshukuru.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea juu ya sahihi ile. Nilijiambia kwamba fidia ni haki ya mteja, na kwamba fedha za Shangazi zilikuwa za mikesha ya wodini. Yote hayo ni kweli. Lakini sikumtazama usoni yule mtu nilipokuwa nikimrudishia kalamu, na kama nilikuwa na haki, kwa nini nisimtazame?

Jumatatu tulikuwa Cozumel. Jua lilikuwa kali na bahari ilikuwa shwari. Melissa ilikuwa imefika daraja la tano, la juu kabisa. Jumanne tarehe 28 tulitia nanga mbali na Jiji la Belize, kwani maji ya huko ni haba na abiria hupelekwa pwani kwa mashua. Shangazi alikwenda kutazama magofu ya Wamaya. Mimi nilibaki melini nikisoma habari simuni, na hapo ndipo nilipokutana na kisa cha Fantome.

Fantome ilikuwa meli ya watalii yenye matanga. Mwezi wa Oktoba 1998, kimbunga Mitch kilipokuwa kikikaribia, iliwashusha abiria wake wote katika jiji hilo hilo la Belize. Kisha ikarudi baharini kutafuta pa kujificha, ikiwa na mabaharia 31. Mitch iligeuka kuelekea iliko meli, karibu na visiwa vya Honduras. Hakuna hata mmoja kati ya hao 31 aliyeonekana tena. Abiria walirudi makwao.

Nilisoma habari hizo takriban wakati uleule ambapo Melissa ilikuwa ikiingia Jamaica, adhuhuri, upande wa kusini-magharibi, kwa upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Hakuna kimbunga chenye nguvu kama hiyo kilichowahi kurekodiwa kikitua katika kisiwa hicho.

Jioni hiyo mhudumu wetu alikuwa kazini. Alituletea samaki, akauliza kama tungependa ndimu zaidi. Shangazi akamshika mkono, jambo ambalo pengine sheria za meli haziruhusu, akamwuliza. Akasema simu ya mama yake ilikuwa ikiita hadi asubuhi, kisha ikaacha kuita. Umeme ulikuwa umekatika katika sehemu kubwa ya kisiwa. Nyuma yetu bendi ilikuwa ikipiga rege, kwa kuwa ratiba ya burudani ilikuwa imechapishwa kabla ya ratiba ya bandari kubadilishwa.

Jumatano hakukuwa na habari. Picha za Black River zilianza kuonekana: paa zimepeperuka, kanisa kongwe limebaki kuta, barabara zimejaa mbao na matope. Alizitazama katika simu yangu, kwa sababu yeye alikuwa amemaliza kifurushi chake cha intaneti. Alinyoosha kidole akanionyesha mahali lilipokuwa duka la kinyozi wake.

Alhamisi usiku alikuja mezani bila ya sinia. Binamu yake wa Kingston alikuwa amempata mtu aliyempata mtu. Mama yu hai, yuko katika shule iliyogeuzwa kimbilio, na analalamika kwamba chai ya hapo haina sukari. Shangazi alilia waziwazi. Mimi nilikuwa nikiitazama ile kalamu mfukoni mwake.

Asubuhi ya Jumamosi, tulipokuwa tukiingia Miami, tulipewa hesabu zetu. Tulikuwa tumerejeshewa ada ya bandari ya Jamaica, dola chache kwa kila mtu. Shangazi alizitia zake na zangu, na nyingine ambazo sikuzihesabu, katika bahasha ya yule mhudumu. Nilimwuliza kama angepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Akasema mkataba wake ulikuwa unaisha Februari.

"Na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba itanisubiri," akasema. "Haina tena paa la kupeperuka."

Kisha akatazama saa yake. Abiria wa safari iliyofuata walikuwa wakipanda saa saba mchana, nao pia, bila shaka, walikuwa wamepata bei nzuri.