"Happy" Si Furaha Tu

Neno la Kiingereza "happy" hufunzwa mtoto mapema shuleni, naye huambiwa kwamba maana yake ni "mwenye furaha". Hilo si kosa, ila ni nusu ya maana. Katika kambi za jeshi na vituo vya polisi vya Uganda, ambako Kiswahili kimesemwa tangu siku za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na ambako faili huandikwa kwa Kiingereza, nusu hiyo yaweza kumdhuru mtu.

Tuseme mjane wa askari amefika ofisini kwa ajili ya mafao ya marehemu mumewe. Karani amwonyesha hesabu, kisha auliza kwa Kiingereza kama yu "happy" nayo. Mkalimani, kijana mwenye haraka, atafsiri: "Mama, una furaha?" Mama ashangaa. Matanga yameondoka juzi tu. Furaha ataitoa wapi? Ajibu kwamba hana. Karani aandika kuwa mjane ameikataa hesabu, na faili yarudishwa kabatini. Kumbe aliulizwa kama ameridhika, na huenda angalisema ndiyo, akatia kidole gumba, akaenda zake na haki yake.

Mtu aweza kuridhika huku analia. Kiswahili hutenga radhi na furaha. Kiingereza huzifunika zote mbili kwa nguo moja, na mzigo wa kuchagua humwangukia mkalimani. Tena Mwingereza asemapo yu "happy" kusaidia, maana yake yu tayari. Na mkubwa wa kazi akisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hayuko "happy" na gwaride, askari asidhani kuwa bwana mkubwa ana huzuni. Amekwisha kukemewa.

La ajabu ni kwamba asili ya neno hili si furaha hata kidogo. Latokana na neno la kale "hap", yaani bahati, na katika karne ya 14 lilimaanisha mtu aliyebahatika. Maana hiyo ingali yasikika katika salamu za mwaka mpya, na hapo Waswahili husema "Heri ya Mwaka Mpya", tafsiri iliyo karibu na shina lake kuliko ile ya darasani.

Penye fedha za marehemu, hata "umeridhika" lina utata, kwa kuwa laingia moyoni mwa mtu. Mjane yafaa aulizwe wazi: "Mama, wakubali hesabu hii?"