Mikimbio saba

Ninyi wa Lubumbashi, wa Kalemie na wa Bukavu, mnajua sana mpira wa miguu. Habari ya kriketi wengi wenu hamwijui, wala mimi sikuijua mbele ya kuhamia Johannesburg mwaka 2006. Basi sherti nieleze kidogo, kusudi mwelewe ginsi mtu mzima mwenye watoto anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya mchezo unaochezwa kwa suruali ndefu.

Timu moja inatupa mpira, timu ingine inaupiga. Mpigaji anashika ubao mkononi, na nyuma yake vimesimama vijiti vitatu. Akiisha kupiga, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana pahali, na kila mkimbio unahesabiwa. Mpira ukifika mpakani, wanapata minne. Ukivuka mpaka hewani bila kugusa chini, wanapata sita. Vijiti vikiangushwa ao mpira ukidakwa, mpigaji anatoka. Wakiisha kutoka kumi, kwisha. Katika mchezo ulio mfupi kabisa kila timu inatupiwa mipira 120. Ni hayo tu. (Mchezo mrefu unachukua siku tano. Yaya yangu wa Lubumbashi hataki kusadiki neno hilo hata leo.)

Sasa sikieni. Tarehe 29 Juni 2024, siku ya Jumamosi, Afrika ya Kusini walicheza na India huko Bridgetown, katika kisiwa cha Barbados, kugombea Kombe la Dunia la mchezo huo mfupi. Timu ya wanaume ya Afrika ya Kusini haikuwa imefika hata mara moja kwenye mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. India walipiga kwanza, wakapata mikimbio 176. Virat Kohli peke yake 76. Wetu walitakiwa kupata 177.

Nilikuwa nyumbani kwa mzee mwenye kiwanja ninamopanga, Mzulu mwenye mvi, ninayemwita Baba. Tulikuwa watu saba mbele ya televizio. Heinrich Klaasen alipiga kama mtu anayefukuza nyoka: katika mipira sita tu ya Axar Patel, hesabu iliongezeka kwa 24. Ikabaki mikimbio 30, mipira 30, na wapigaji sita hawajatoka. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kuongoza kwa bao mbili zikibaki dakika kumi. Mama mmoja alikwenda kutia maji ya chai.

Baadaye kidogo mchezo ukasimama, mdakaji wa India afungwe goti. Walipoanza tena, Klaasen akaugusa ule mpira wa kwanza wa Hardik Pandya kwa ukingo wa ubao, akadakwa. Alikuwa na 52 kwa mipira 27. Nyuma yake akaja Jasprit Bumrah, akatupa mipira sita, akatoa mikimbio miwili tu na kuangusha vijiti vya Marco Jansen. Hatukusema tena. Mwishoni ikabaki 16 kwa mipira sita, na David Miller yuko. Akaupiga ule wa kwanza juu, mbali, nasi tukasimama wote. Suryakumar Yadav akakimbia, akaudaka karibu ya mpaka, akaona miguu inamvusha, akaurusha hewani, akatoka nje, akarudi, akaudaka tena ndani.

Watu wengi walisema mguu wake uligusa mpaka, wengine kwamba mpaka wenyewe ulikuwa umesogezwa. Mwamuzi alitazama picha akasema ametoka. Mimi pia nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko inavyofaa, nami naona alidaka vema. Ingekuwa raha kulalamika.

Mchezo uliisha 169. Tulishindwa kwa mikimbio saba.

Mnakumbuka mwaka 2010, Mazembe yetu ilipocheza na Inter ya Milano huko Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika mwisho wa kombe lile la vilabu. Tulifungwa tatu kwa sifuri. Je, nani alilia? Tulicheza ngoma! Bao tatu hazikuachii neno la kufikiri. Lakini mikimbio saba! Unalala kitandani unaitafuta: mmoja hapa, miwili pale, mpira ule ungeachwa, ule ungepigwa chini. Ni kama mtu aliyepoteza franka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tena watu wa mbali wana jina la kuwachekea: wanawaita wenye kukabwa koo. Mwaka 1992, huko Sydney, mvua iliwakuta wakitaka 22 kwa mipira 13. Iliponyamaza, sheria ya siku zile iliwaachia mpira mmoja. Mwaka 1999, huko Birmingham, walikuwa sawasawa na Australia, 213 kwa 213. Walitaka mkimbio mmoja tu, na mipira minne imebaki. Wapigaji wawili hawakusikilizana, mmoja akabaki njiani. Mwaka 2003, huko Durban, walisoma vibaya karatasi ya hesabu wakati wa mvua. Mvua sikuwalaumu kwayo. Karatasi, kweli, ni aibu.

Yaya alinipigia simu usiku ule akicheka. «Wee, hao ni watu wako?» Aliuliza kwa haki. Timu hii hadi mwaka 1970 ilikuwa ya wazungu tu, ikafungiwa nje ya michezo ya mataifa hata 1991. Na mwaka 2008, katika mitaa ya Johannesburg na kwingine, wageni kama mimi walifukuzwa majumbani, na watu zaidi ya 60 waliuawa. Miezi ile sikusema Kiswahili ndani ya basi. Lakini jioni ile ya Barbados Baba alizima televizio, akatutazama sisi sote, akaniambia mimi: «Tumeshindwa tena, mwanangu.» Sikumweleza yaya maneno hayo kwa simu. Nilimwambia tu kwamba ndiyo, ni watu wangu, naye akacheka zaidi.

Tarehe 14 Juni 2025, huko London, katika uwanja wa Lord's, walishinda Australia katika mchezo mrefu wa kugombea ubingwa wa dunia. Aiden Markram alipata 136. Kapiteni Temba Bavuma, mtoto wa Langa, alipiga akichechemea, akapata 66. Asubuhi ya siku ya nne ilibaki mikimbio 69 tu, na wapigaji wanane. Mimi sikutazama. Nilikwenda kazini kulinda motokari za watu, simu nimeizima, hata Baba akamtuma mjukuu wake mbio kuniambia kwamba imekwisha.

Tulifurahi sana. Lakini kombe la Barbados walilichukua India, na mpira ule wa Miller bado naupiga usiku.