Doti ya Khanga Hatukuipata

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tuliishi miaka mingi bila muziki wa dansi. Tulipookoka tuliziondoa kanda zote ndani, tukabakiza za kwaya tu. Mama mkwe alipohamia kwetu, akiwa ameanza kupoteza kumbukumbu, tulimpokea kwa mikono miwili: chakula kwa wakati, dawa kwa wakati, nguo safi. Nyumba yenye muuguzi haikosi ratiba.

Jambo moja lilitushinda. Kila jioni aliuliza, "Baba yenu amerudi?" Nasi, tukiona kwamba kumficha ni kumdanganya, tulimjibu, "Mama, baba alifariki." Alilia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake swali lilelile, na msiba uleule.

Jumamosi moja watoto walifungulia kipindi cha zilipendwa. Mtangazaji akatangaza shindano la nyimbo zenye majina ya wanawake. Msikilizaji apige simu, ataje bendi iliyoupiga wimbo na aeleze unamkumbusha nini. Zawadi ilikuwa doti moja ya khanga. Tulikuwa tukichambua mchele. Ukapigwa "Zuwena", na kijana wetu akaruka, "Marijani Rajabu na Safari Trippers!"

Mama, ambaye asubuhi hiyo alimwita kijana huyo kwa jina la kaka yake marehemu, akainua kichwa. "Mwimbaji umempata, bendi umekosa. Safari Trippers ni 'Georgina'. Hii ni Dar International." Kisha akaimba, ubeti kwa ubeti, akigonga ungo kwa vidole.

Tulinyamaza. Marijani alifariki mwaka 1995, lakini kwa mama alikuwa bado jukwaani, na baba bado alikuwa amemshika mkono. Wimbo ulipokwisha akauliza lile swali lake. Safari hii hatukumpa taarifa ya msiba. Tulisema, "Tusimulie habari zake, mama." Akasimulia jinsi baba alivyokuwa akipiga pasi bugaluu lake tangu mchana ili jioni waende dansini. Alicheka hadi akafuta machozi.

Simu tulipiga mara nne, kila mara inatumika. Khanga zikaenda kwa mama mwingine.

Wapendwa akina mama, nyimbo za ujanani haziponyi ugonjwa huu, lakini mara nyingi hubaki kichwani hata majina na tarehe zikishatoweka. Mzee wenu akianza kusahau, mpelekeni kwanza hospitali, kwani wakati mwingine chanzo ni maambukizi, upungufu wa vitamini au dawa anazotumia, na hayo hutibika. Ikithibitika kuwa ni ugonjwa wa kusahau, msibishane naye. Mwulizeni habari za yule anayemtafuta. Redio iwe ya sauti ya chini, na akionyesha kuchoka, izimeni.

Wenzetu kanisani wametuuliza kama tumerudia mambo ya zamani. Tunawajibu kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi tuliikariri tangu shule ya Jumapili, ila mama tulikuwa tukimhudumia kama mgonjwa wa wodini. Siku hizi, Jumamosi ikifika, kiti chake tunakiweka karibu na redio, nasi tunakaa naye kumsikiliza.