Sidi Hamadi Bilingani

Ukitaka kuchekea majina ndani ya Don Quixote, huna haja ya kwenda mbali. Cervantes anatuambia kwamba yule mzee wa La Mancha alitumia siku nne kumtafutia farasi wake jina, na siku nane kujitafutia la kwake. Siku nane! Mwishowe akaibuka na "Quijote", ambalo kwa Kihispania ni kipande cha deraya kinachokinga paja. Yaani mtu anataka kuitetemesha dunia, halafu anajiita Bwana Kinga-Paja. Ndani ya jina la farasi, Rocinante, mna "rocín", farasi duni wa kazi. Aldonza Lorenzo, msichana wa shamba, akawa Dulcinea, kutokana na "dulce", tamu. Sancho ni Panza, tumbo. Naye alipopewa kisiwa akitawale, daktari aliyesimama mezani kumkataza kila chakula alitoka Tirteafuera, jina ambalo ukilisikiliza vizuri linasema "jitoe hapa". Kijiji hicho kipo kweli, hakukizua.

Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya Shaaban Robert tumezoea majina yenye maana, lakini ya namna nyingine. Utubora ana utu bora, Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi, basi. Kwa Cervantes jina ni kama nguo, linavaliwa na kuvuliwa. Mke wa Sancho mara ni Juana, mara Mari, mara Teresa. Bwana mwenyewe hatuambiwi kwa uhakika kama alikuwa Quijada au Quesada, hadi yuko kitandani anakata roho ndipo anajitaja Alonso Quijano.

Ila jina lililonishika mimi ni la mtu ambaye sura yake hatuioni kabisa.

Katika sura ya 9 ya sehemu ya kwanza, iliyotoka 1605, hadithi imekatika katikati ya pigano, panga ziko juu. Msimulizi yuko sokoni Toledo, anamwona kijana anauza madaftari makuukuu ya Kiarabu. Anamtafuta Mmorisko wa kumtafsiria, anayanunua, anamlipa Mmorisko zabibu kavu na ngano. Kumbe ni hadithi yenyewe, na mwandishi wake ni Mwarabu, Cide Hamete Benengeli. Ni utani, bila shaka. Lakini tangu hapo kitabu kikubwa kuliko vyote vya Kihispania kinajidai kuwa ni tafsiri kutoka Kiarabu.

Katika sehemu ya pili, ya 1615, Sancho anasikia habari za mwandishi huyo na kulikoroga jina lake: Cide Hamete Berenjena. Berenjena ni bilingani. Eti ndiyo, kwani Waarabu si wanapenda mabilingani?

Nakala yangu ya Kiingereza iliweka tanbihi hapo. Mimi sikuihitaji. Badhinjani ya Waarabu, berenjena ya Wahispania na bilingani letu ni ukoo mmoja. "Cide" ni sidi, bwana wangu, jamaa wa "Seyyid" tunayoijua kutoka Unguja. "Hamete" ni namna Wahispania walivyoyaandika majina kama Ahmed na Hamed. Basi nikamsoma kama mtu wa mtaani kwetu: Sidi Hamadi Bilingani. Mtaani, kina Hamadi wakizidi wawili, lazima mmoja apewe jina la chakula. Nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama.

Kicheko hicho hakikudumu, maana nilianza kuhesabu miaka. Cervantes alikaa mateka Algiers miaka mitano, 1575 hadi 1580, kwa hiyo majina haya aliyasikia kwa wenyewe. Na kwao Hispania, amri ya 1567 ilikuwa imewakataza Wamorisko wa Granada, vizazi vya Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, kusema Kiarabu, kuvaa mavazi yao na kuitwa majina yao. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa nchini kote, watu kama 300,000. Sehemu ya pili ilitoka mwaka mmoja tu baadaye.

Humo ndimo anamotokea Ricote, muuza duka wa kijijini kwa Sancho, aliyefukuzwa na kurudi kwa siri amevaa kama hujaji wa Kijerumani, ili afukue mali aliyoizika. Katika jina lake mna "rico", tajiri, na Ricote pia ni bonde la Murcia ambako Wamorisko walikuwa miongoni mwa wa mwisho kufukuzwa. Wanakaa chini ya mti, wanakula na kunywa. Ricote anaililia Hispania, nchi aliyozaliwa. Anamwomba Sancho amsaidie kuichukua ile mali, kwa malipo ya escudo 200. Sancho anakataa, lakini anaahidi kutomtaja kwa mtu.

Nimeirudia sura hiyo mara nyingi nikitafuta kitu kimoja. Mkewe Ricote ni Francisca, binti yake Ana Félix. Mwarabu wa kubuniwa ameachiwa jina lake zima, hata la kutaniwa. Jirani aliyefukuzwa hana hata moja la Kiarabu. Sancho anamwita Ricote tu, na kama alilijua lile la nyumbani, hasemi.