Fisi Maji wa Vijito vya Manyovu

Watu wengi hudai kwamba wamekwisha kumwona fisi maji, na wengi katika hao hawakumwona. Waliona kichwa cheusi kikizama, kisha wakakiumbia wenyewe kiwiliwili kilichobaki. Nasi tulikuwa katika kundi hilo hata tulipokwenda Manyovu.

Manyovu ipo katika nyanda za juu za Buha, mpakani na Burundi. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Kasulu, na tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Buhigwe. Mtu atokaye Kigoma hupita Mwandiga, akaiacha michikichi nyuma yake, na barabara ikapanda kilima juu ya kilima mpaka kwenye migomba na mibuni, ambako hata mchana mtu hatamani kuvua koti. Kila bonde lina kijito chake. Baadhi ya maji ya nchi hiyo huteremka kwa Mto Luiche na kufika Ziwa Tanganyika upesi. Mengine huingia Malagarasi, mto wa ajabu, kwani huanzia milima hiyo ya mpakani, ukazunguka kaskazini, kisha mashariki na kusini kupitia nchi ya Kibondo na mabwawa ya Muyovozi, ndipo ukarudi magharibi kumwagika katika ziwa lile lile. Mabwawa hayo yaliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa makamo ya babu zetu, mkulima wa kahawa na maharagwe, aliyechimba bwawa la perege chini ya shamba lake. Tulipokwisha kusali magharibi alitueleza shida yake. Samaki walikuwa wakipungua siku hadi siku, na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa amemwona mwizi kwa macho yake.

"Wallahi, babu, ni fisi maji," alisema kijana mbele yetu.

Mzee akainuka, akateremsha kutoka darini paketi ya dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Alikusudia kuitia ndani ya samaki na kuwaacha ukingoni usiku. Tukaingiwa na hofu, kwa sababu maji ya bwawa lile hutoka kwa mfereji na kuingia kijitoni, na huko chini wake za watu huteka maji ya kupikia, na watu wa msikiti mdogo hutawadhia humo. Lakini mgeni hawezi kumwamuru mwenyeji nyumbani mwake. Tulimwomba siku tatu tu, naye akatupa.

Kisha tukamwuliza kijana: hasa uliona nini? Akajibu, kichwa cheusi, shingo, kikazama. Mkia? Hakuuona. Miguu? Hakuiona. Basi tukamkumbusha kwa upole Sura Bani Israil, aya ya 36, inayotuonya tusiyaandame mambo tusiyo na elimu nayo, na kwamba macho na masikio na nyoyo zetu zitaulizwa habari. Kijana akainamisha kichwa, nasi tukaona haya kidogo, kwa maana sisi tulikwisha kuapa hivyo hivyo mara nyingi, na umri wetu ni mkubwa kuliko wake.

Jina lenyewe limemdhulumu mnyama huyu. Yeye si fisi hata kidogo. Ni wa jamaa moja na nyegere na kicheche. Waarabu nao humwita mbwa wa maji, au mbweha wa maji, wala hayumo katika hao wawili. Katika nchi yetu wanajulikana wa namna mbili. Fisi maji mkubwa aweza kufika mita 1.6 pamoja na mkia na uzito wa kilo 20. Koo na kifua chake ni cheupe, na vidole vya mikono yake havina kucha wala ngozi ya kuogelea, hata mkono wake wafanana na wa binadamu. Kwa vidole hivyo hupapasa chini ya mawe na ndani ya tope akitafuta kaa, kwa hiyo maji ya udongo hayamzuii. Fisi maji wa madoa ni mdogo, uzito wake haufiki kilo 7. Ana kucha, ana ngozi kati ya vidole, na shingo yake ina mabaka meupe. Huyo hukamata samaki kwa kuwaona, basi hupenda maji maangavu, na huonekana hata mchana, mara nyingi kwa makundi. Mwaka 1963 bwana mmoja, J. Procter, alichapisha maelezo mazuri juu yake katika jarida la wanyamapori la Afrika ya Mashariki, na hata leo wageni wa kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa Victoria, huwaona wakicheza majini. Mashariki ya Kongo na nchi jirani yuko pia wa tatu, mwenye baka jeusi kati ya jicho na pua.

Kwa hesabu hiyo, vijito vya Manyovu, ambavyo mvua ikinyesha huwa rangi ya chai ya maziwa kwa udongo wa mashamba, vilimfaa yule mkubwa, mla kaa.

Asubuhi ya kwanza tulitoka mara baada ya alfajiri, ambao ndio wakati bora, na karibu na magharibi pia. Ukingoni mwa bwawa palikuwa na nyayo nyingi, vidole vimetanuka na alama za kucha zaonekana wazi. Hizo zilikuwa za nguchiro wa majini, ambaye wengi humdhania fisi maji. Lakini mkia wake una manyoya marefu, na wa fisi maji ni mnene shinani na mwembamba nchani. Hatukuona unyayo usio na kucha. Tulipofuata kijito kwenda chini, yapata mwendo wa robo saa, tukakuta jiwe pana lenye kinyesi kipya juu yake. Tukakichambua kwa kijiti, na kijana akaziba pua: kilijaa magamba ya kaa, na mwiba mmoja wa samaki. Kando ya jiwe, katika tope, palikuwa na alama ya mkono wa vidole vitano, kana kwamba mtoto mchanga amejishikiza hapo.

Asubuhi ya pili, jua lilipopanda, tuliketi na mzee juu ya bwawa lake. Kichwa cheusi kikatoka majini, na shingo, kikazama. Kijana akatutazama asiseme neno. Kikatoka tena, mara hii perege yumo mdomoni, na mwili mzima ukapanda juu ya gogo na kutandaza mbawa zikauke. Alikuwa ni mnandi. Kabla ya adhuhuri tuliwahesabu watatu.

Hatukumwambia mzee kwamba fisi maji hali samaki, maana ule mwiba mmoja tuliuona wenyewe. Tulimwambia tu yale tuliyoyakuta na mahali tulipoyakuta. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza bei ya wavu wa kufunika bwawa. Paketi akaichukua pamoja na jembe, akaenda nyuma ya zizi, wala hakutuita tumsaidie.

Siku ya tatu tulijificha mbali na lile jiwe, upepo ukitukabili. Kwanza yalikuja mapovu, mstari mwembamba juu ya maji. Mara kitu kikatokeza nyuma ya matete, kikala kwa sauti ya kuvunja-vunja, na kabla hatujamnyoshea mzee darubini kilikuwa kimekwenda. Sisi wakubwa tulishindana njia nzima, huyu akasema kifua kilikuwa cheupe, yule akasema aliuona mkia.

Nyumbani bibi alikuwa akimimina uji. Akamwuliza mjukuu wake, je, leo umemwona?

"Nimeona mkono, bibi," akajibu, "na kaa ndani yake. Mengine sikuyaona."